Bibi Aliyemwaga Maji

Mke wangu alikuwa mtu wa Newala, mimi mtu wa Masasi, na nyumba yetu ilikuwa Mkomaindo, upande wa hospitali. Nalisema hili mapema kwa sababu habari hii yote ni ya maji, na mtu wa Masasi hayajui maji kama anavyoyajua mtu wa Newala. Wenzetu wako juu ya mlima, ukingoni kabisa, na maji yako bondeni. Mwanamke anateremka na ndoo tupu akiimba, akipanda nayo imejaa hana pumzi hata ya kuitikia shikamoo. Siku nilipokwenda kujitambulisha ukweni nilipewa kikombe cha maji. Nikanywa nusu, nusu nikamwaga uani, kama tulivyozoea kwetu. Mama mkwe aliutazama ule unyevu mpaka ukakauka. Mke wangu alinicheka kwa kikombe kile maisha yetu yote.

Sasa hii filamu. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinauzwa. Korosho tulizozoea kupeleka ushirika zikaanza kununuliwa na watu waliokuja na malori yao. Mitumba ikaingia, redio za watu binafsi zikaingia. Mimi niliacha shule darasa la pili nikafukuze nyani shambani, kwa hiyo mambo ya soko huria waulizeni wengine. Ninachokijua ni kwamba vibanda vya video navyo vikaingia, na cha Newala kilikuwa cha jamaa mmoja wa Nanganga aliyekuwa zamani akiuza karanga barabarani. Kuta za magunia, mabenchi, jenereta nyuma, na mikeka mbele kwa akina mama.

Humo, tulipokuwa tukienda kumtembelea dada yake mke wangu, ndimo tulimomwona bibi. Filamu zake zilitengenezwa na kikundi cha vijana wa Mtwara, na huyo bibi mwenyewe walisema alikuwa akiuza vitumbua sokoni walipomkuta. Alikuwa na nembo za kweli usoni, zile chale za wanawake wa zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kama chetu, kimekaa juu ya Kimakonde. Katika filamu anaishi peke yake. Mwanawe wa pekee alikwenda kutafuta maisha na hakurudi. Basi. Hakuna bunduki wala magari. Bibi anakwenda bondeni, anapika, ananawa. Maji ya kunawa anayakinga kwenye beseni, anasugulia chungu, kisha anayapeleka polepole kwenye mche wa mpapai. Siku ya kwanza kuiona sehemu hiyo banda zima lilipiga vigelegele.

Hapa niseme jambo la kwetu. Mtoto wetu wa kwanza alikwenda Tunduru wakati wa mawe ya thamani, watu walipokuwa wakichimba na kutajirika, au kufa. Alituma salamu mara moja kwa dereva wa lori, kisha kimya. Mke wangu hakumtaja tena nyumbani. Ukimtaja wewe, yeye ananyanyuka kwenda kuangalia jiko. Lakini kwenye lile banda alimzungumzia sana. Alimzungumzia kwa kumsema mtoto wa bibi.

Sehemu ya tatu iliishia pabaya. Mlango unagongwa. Bibi anainuka, koroboi mkono mmoja, mkono wa pili kwenye komeo. Picha ikaganda hapo hapo. Watu walitoka wanamtukana mwenye banda kana kwamba komeo kalishika yeye. Nje, tukila ming'oko, vile viazi vya porini, ukawa ubishi.

"Askari huyo, kaleta habari mbaya."

"Askari gani? Mtoza ushuru! Ndiye anayejua nyumba za maskini."

"Ni mwanawe," mke wangu akasema. "Hamkusikia alivyogonga? Kagonga chini. Mgeni hagongi chini ya mlango. Hapo anagonga mtu aliyezoea tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto mfupi."

Dada yake akaniangalia mimi.

Tukangoja sehemu ya nne. Badala yake ikaja habari, redioni, kwamba kampuni kubwa ya Dar es Salaam, yenye redio na magazeti na televisheni, imemnunua bibi. Ndivyo tulivyosema, imemnunua bibi. Kumbe wamenunua filamu zote na jina lake na haki ya kuziendeleza. Newala walicheza ngoma. Mwenye banda akachinja mbuzi. Bibi yetu anakwenda kuonekana nchi nzima! Mzee mmoja tu, fundi cherehani, alisema watamharibu, wakamzomea.

"Wewe hata suruali unaiharibu, seuze bibi!"

Mke wangu naye alifurahi. Alikuwa ameshaanza kuumwa tumbo, lile lililommaliza. Hapo Mkomaindo walimtibu walivyoweza, kisha wakaniambia nimpeleke akapumzike. Nikamuuliza anataka apumzike wapi. Akasema kwao, kwa dada yake.

"Na ile filamu ikija, nibebe. Nataka nione ule mlango ukifunguliwa."

Hakuomba kingine. Mtu anayejua anakwenda anaweza kuomba kuku, anaweza kuomba shehe, yeye aliomba mlango.

Filamu ikaja wakati wa kubangua korosho, sasa ikiwa sahani inayong'aa badala ya mkanda. Nilimbeba mwenyewe, mchana, maana alikuwa mwepesi kama kifurushi cha nguo, nikamweka kwenye mkeka wa mbele akiegemea miguu ya dada yake. Banda limejaa, watu wamesimama mpaka nje kwenye magunia.

Ikaanza kwa muziki mkubwa na ghorofa za Dar. Kisha nyumba ya bibi, lakini si ile. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Nani aligonga? Bwana mmoja wa suti, tajiri, kaja kumwambia bibi amerithi hoteli. Na bibi si bibi! Mwanamke mzuri tu, kijana, poda nyeupe kwenye nywele, nembo za kuchorwa kwa wanja. Watu wakaguna, ila wakavumilia. Kisha yule mwanamke akanawa mikono ili aende kwenye gari. Akachukua lile beseni, akalimwaga. Vuu, mchangani, huku anatabasamu.

Sijawahi kusikia watu wakipiga kelele vile. "Anamwaga maji! Anamwaga!" Akina mama walishika vichwa. Mtu akarusha kiatu kwenye kioo.

"Zima! Zima hilo dudu!"

"Huyo katoka wapi? Mteremsheni bondeni mara moja tu apate adabu!"

"Bibi wetu yuko wapi?"

Mwenye banda anajibu karibu analia kwamba hajui, wamemwacha huko huko Mtwara na vitumbua vyake. Fundi cherehani alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa shati.

Mke wangu alinivuta kanzu.

"Ni kama wewe na kile kikombe," akasema. Akajaribu kucheka. Kisha akasema, "Kwa hiyo hakuwa mwanawe."

Nilitaka kumwambia hiyo si filamu yenyewe, haihesabiki. Lakini watu walikuwa wameshamlazimisha mwenye banda aweke mkanda wa zamani, na bibi wa kweli akaonekana, wote wakatulia kama msikitini. Tukaitazama tena sehemu ya tatu yote. Mlango ukagongwa, chini. Mkono kwenye komeo. Picha ikaganda. Akasema nimrudishe alale.

Alifariki hapo kwa dada yake, mvua hazijaanza.

Matangani watani wakaja, Wamakua wa kwetu Masasi, na mnawajua watani, hawana haya mbele ya maiti. Mwanamke mmoja alivaa kanga ya marehemu, akainama kama bibi, akafunga mlango wa sebuleni, akashika komeo.

"Nani?" akauliza kwa sauti ile ile. "Kama ni kampuni, mmechelewa, bibi keshauzwa! Kama ni mtani, rudi kaoge!"

Waombolezaji walicheka mpaka dada mtu akalala chini. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Ndipo mlango ukagongwa kweli. Chini.

Kicheko kikakatika. Yule mtani akaachia komeo, akasogea pembeni, mchezo umemtoka. Kila mtu ananitazama mimi. Nikainuka, nikafungua.

Walikuwa wanawake wa jirani, wametoka bondeni na maji ya msiba. Ndoo vichwani, mikono yote miwili imeshika ndoo, wa mbele amegonga kwa mguu.

Nilitazama nyuso zao zote, moja moja, mpaka wa mwisho. Kisha nikawapisha wapite.