Shamba Kando ya Korongo

Sipendi mtu aniambie Nakuru ni mji wa vumbi. Najua ni mji wa vumbi, nimelifagia mimi mwenyewe. Lakini hao wanaosema hivyo hawajaona vumbi hilo likilowa. Udongo wetu ni wa majivu ya mlima wa volkano wa Menengai, mwepesi, na mvua ya Aprili ikiupata unayeyuka kama sukari kwenye chai.

Miaka ile ya mwanzo ya sabini nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, na mume wangu alikuwa mtu wa reli. Tulipanga upande wa chini wa mji, kwenye safu moja ya nyumba za udongo na mabati, na nyuma yetu kulikuwa na korongo. Maji yote ya mji, ya mapaa na ya barabara, pamoja na yale ya kutoka mlimani, yalipita humo yakikimbilia ziwani, yakibeba udongo wetu, makopo yetu na mara moja beseni langu jipya. Kila mwaka korongo lilikuwa likipanuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufanye nini ufa wenyewe ukianza kumeza ukuta.

Nyumba ya mwisho, ile ya ukingoni kabisa, ilikuwa ya mama mmoja mjane. Sisi wote tulimwita Nyanya. Alikuwa amechuma maua ya pareto tangu usichana wake kwenye shamba la mzungu, huko upande wa Njoro. Uhuru ulipokuja na shamba likauzwa, alitoka na sufuria moja, mume mgonjwa na mtoto mmoja wa kiume. Mume akafa. Mtoto akakua, wakakosana na mama yake kwa maneno ambayo Nyanya hakuniambia hata siku moja, akaondoka kwa hasira. Kuna aliyesema amemwona Salgaa akipakia malori, mwingine akasema yuko Elburgon kwenye mashine za mbao. Yeye mwenyewe hakuleta neno.

Kaunsili ya mji ilimwonya Nyanya kwamba mvua moja kubwa ikija nyumba itakwenda, kwa hivyo ahame mapema. Mimi pia nilimwambia ahame. Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa.

“Mtoto wangu ananijua hapa,” akasema. “Mimi sijui kuandika, na yeye hana mtu mwingine wa kumuuliza. Nikitoka hapa atanitafuta wapi?”

Niliingia ndani nikapika kwa hasira mpaka ugali ukaungua. Nilikuwa nampenda yule mama, na sikuona mahali pa kushika.

Ndipo kaunsili ikatuletea afisa, kijana mpole wa viatu vya kung'aa. Sisi tulikuwa tunangoja lori la mawe na simiti. Yeye akashuka na vigingi, magunia, na mzigo wa vipande vya mabingobingo, yale manyasi marefu ya kulisha ng'ombe. Akasema simiti ingeyaharakisha maji tu, yakabomoe kwa watu wa chini. Maji yapunguzwe mwendo, akasema. Tupige vigingi kukata korongo, tupange magunia ya udongo nyuma yake, na ukingo wote tuupande nyasi, mpaka ukutani kwa Nyanya.

“Ati nyasi?” nikamuuliza. “Mlangoni kwa mtu?”

Wanawake wa safu yetu walicheka wakashikana mabega. Mtu atuelewe. Kwetu nyasi zikifika mlangoni, wapita njia huuliza waliokaa hapo walikufa na nini. Mke wa maana aling'oa kila jani uwanjani kwake hadi mzizi, akafagia mpaka alama za ufagio zikaonekana. Na katika hiyo kazi hakuna aliyemfikia Nyanya. Uwanja wake ungeweza kuuanikia unga.

Lakini alikubali, kwa sababu ya mtoto wake. Tulipiga vigingi, tukajaza magunia, tukachomeka mabingobingo ovyoovyo kila mahali. Mvua ndogo zikanyesha, yakachipua. Nyanya alikuwa akitoka asubuhi, anayatazama, anageuza uso.

Baadaye afisa akatuma neno kwamba atakuja kukagua. Nikampelekea Nyanya habari hiyo, nikaenda sokoni nikiwa na moyo mweupe.

Niliporudi karibu nidondoshe kikapu. Uwanja ulikuwa mtupu! Ulikuwa umefagiwa, umenyunyiziwa maji, na hakukuwa na jani hata moja. Mabingobingo yote yalikuwa rundo kando ya korongo, mizizi juu. Na Nyanya alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani, birika liko motoni, anangoja mgeni.

“Nyanya! Umefanya nini?”

“Nimesafisha. Mtu wa kaunsili anakuja, akute pachafu?”

“Mgeni anakuja kuona hizo nyasi!”

“Wacha wewe,” akasema. “Mtu mzima atoke kaunsili kuja kuangalia nyasi?”

Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Afisa akafika katikati ya kelele hizo, akatazama uwanja, akatazama rundo, akatazama kikombe cha chai alichokuwa akinyooshewa kwa mikono miwili. Akacheka mpaka chai ikamwagikia viatu vyake. Nyanya naye akacheka, kwa adabu, kisha akaona sisi wengine hatucheki. Akageuka akautazama ukuta wake, pale ambapo ufa ulikuwa umefika dirishani.

“Maskini mimi,” akasema. “Nimejimaliza na mikono yangu mwenyewe.”

Haki ya Mungu, hasira zangu zote ziliisha hapo hapo. Nilimshika nikalia naye.

Afisa alimaliza chai yake kwanza. Kisha akavua koti, akaomba jembe. Akasema hiyo mizizi bado ina uhai, na safari hii tupande kwa mistari, kukata mteremko. Akafunga kamba kwenye kigingi, akampa Nyanya ncha ya pili. Nyanya akavuta kamba, akaweka vipande kwenye shimo, akasogea, akavuta tena. Mstari wa tatu ulipoisha akasimama na mikono kiunoni.

“Hii imepangwa,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Basi hizi si nyasi. Hili ni shamba.”

Alisema neno hilo polepole. Mama huyu alikuwa amelima mashamba ya watu tangu utotoni, na hakuwa amemiliki hata kitalu cha mboga za sukuma. Akauangalia ule ukanda wa udongo kati ya ukuta na korongo, akacheka peke yake kwa furaha. “Shamba langu, jamani!”

Kuanzia siku hiyo ole wa mbuzi! Ole wa mtoto aliyefuata mpira humo! Nyanya alipalilia, akatandaza majani makavu, akakatia watu wa ng'ombe majani na kuwafokea waliotaka kugusa shina. Nyuma ya vigingi udongo ukaanza kukaa, matete yakaota yenyewe chini kule, na vyura wakaja. Wanawake waliokuwa wamecheka wakaja kuomba mbegu. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Mvua yenyewe ilikuja Aprili iliyofuata. Ilinyesha mchana kutwa na usiku, na kulipokucha ilikuwa imekata lakini korongo lilikuwa bado linanguruma. Nilitoka mbio bila viatu. Magogo tuliyokuwa tukivukia yalikuwa yamekwenda. Mabingobingo yalikuwa yamelala kifudifudi, yamejaa tope, lakini yameshika. Nyumba ilikuwa imesimama. Nyanya alikuwa amesimama mbele yake, wala hakuwa anaitazama.

Ng'ambo ya pili palikuwa na mwanamume, koti limelowa, mabega yana unga wa mbao. Sikuwa nimemwona maishani mwangu. Nilimtazama Nyanya usoni nikajua.

“Mama!” akaita. “Nilisikia Elburgon kwamba maji yamechukua nyumba za huku!”

Nyanya alifungua kinywa, sauti yake ikafa kwenye maji. Yule mwanamume akaanza kuvua viatu ili avuke. Nyanya akanikamata mkono kwa kucha zote.

“Mwambie asivuke! Mwambie nyumba iko na mimi niko. Sisi hatuendi mahali. Angoje maji yapungue.”

Nikayapaza maneno hayo kwa nguvu zangu zote, mara mbili, tatu, mpaka koo likaniuma. Akasikia. Akaketi juu ya jiwe, viatu mkononi. Nyanya akaleta kigoda chake, akakiweka mwisho wa shamba, akaketi akimwelekea. Wakakaa hivyo wakitazamana, hadi maji yakashuka.