Acheni Nini?

Siku ninayoirudia mara nyingi kichwani, mwanangu, ni Jumapili moja nilipopanda kutoka Rau kwenda Kilema kumwona shangazi yangu Anjelina. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Kwapani nilibeba daftari, na mfukoni mwa shati karatasi iliyokunjwa mara nne.

Daftari lilikuwa la kusomea Biblia. Shule niliiacha darasa la saba. Umeme wa nyumba na mengine nilijifundisha mwenyewe, na kila jambo nililiwekea utaratibu. Biblia nayo niliipangia sura tatu asubuhi na moja jioni, na kila sura niliyomaliza niliiwekea alama ya vema. Nilikuwa nimefika mwisho wa Ufunuo wiki sita kabla ya siku niliyojipangia.

Karatasi ilikuwa ya mashtaka. Baba alituachia kihamba hukohuko Kilema, shamba la migomba na kahawa, mimi na mdogo wangu Deo, likagawanywa kwa mstari wa masale, yale majani marefu tunayopanda mipakani. Deo alidai mstari umeingia kwake hatua mbili. Mimi nilisema uko palepale baba alipouacha. Tulikuwa hatujasalimiana tangu Pasaka, na nilipanga kuifikisha karatasi ile kwenye baraza la kata Jumatatu, siku nane baada ya Jumapili ile.

Shangazi alikuwa jikoni akimenya ndizi za mtori, supu yetu ya ndizi na nyama. Macho yake hayakuona tena herufi ndogo, kwa hiyo kila mgeni aliyejua kusoma alimsomea kidogo, naye akabaki na mstari mmoja wa kumtosha wiki nzima.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Mbona umekuja na madaftari kama mkaguzi?”

Nikamweleza. Akaacha kumenya.

“Umeisoma yote? Hata zile kurasa za fulani akamzaa fulani?”

“Hata hizo.”

“Pole,” akasema. “Haya, nisomee ile Zaburi ya milima kutupwa baharini. Polepole, huna gari la kuwahi.”

Nilisoma kwa kasi yangu ya kila siku. Nilipofika pale Mungu anapowaambia watu waache, wajue kwamba yeye ndiye Mungu, akanizuia.

“Hapo. Acheni nini?”

“Maana yake tutulie, shangazi.”

“Maana sijauliza. Nimeuliza, acheni nini? Mimi nikimwambia mtu acha, nimeona kuna kitu ameshika.”

Nilimjibu kwamba haikuandikwa. Akasema ndiyo sababu kila msomaji atazame mkono wake mwenyewe. Nilimwambia mkononi sina kitu, na kwa hesabu nilisema kweli, maana karatasi ilikuwa mfukoni. Habari ya mashtaka alikuwa nayo, kama Kilema nzima, lakini hakuitaja.

“Chukua neno hilo,” akasema. “Usisome lingine mpaka Jumapili. Ukikata majani ya ng'ombe, liulize. Ukinywa chai, liulize.”

“Neno moja, wiki nzima?”

“Si wewe ni fundi umeme? Ukigusa waya wenye moto, unaendelea kuhesabu nyaya nyingine?”

Nilikubali, hasa ili nimwonyeshe kwamba neno lile halina zaidi ya nilichokwisha kuelewa. Wiki hiyo nililala kihambani, kwa kuwa kahawa ilikuwa imeiva. Jumatatu nilijijibu: acheni hasira. Nikaona nimemaliza. Jumanne nikasema: acheni kelele. Jumatano sikupata jibu jipya, na nilichoshwa na neno lenyewe.

Alhamisi nilikuwa nakata majani mpakani, mahali penye mteremko mkali. Nikateleza, nikashika shina la isale ili nisianguke. Neno likarudi: acheni. Nikautazama mkono wangu. Shina nililolishika lilikuwa changa, jembamba kama kidole. Masale ya baba yalikuwa manene kama kifundo cha mkono.

Hapo nikakumbuka. Miaka miwili kabla, ukame uliua sehemu ya mstari ule, nami ndiye niliyepanda mengine. Palipokuwa na yale ya zamani udongo ulikuwa wa mawe, nikasogea kwenye udongo laini, hatua mbili upande wa Deo, nikijiambia nitayarudisha mvua zikinyesha. Nilipowaambia wazee wa ukoo kwamba mstari haujasogea, sikusema uongo wa kukusudia. Nilikuwa nimesahau, na kusahau kulinifaa.

Kwetu, jani lilelile la mpakani ndilo la kuombea msamaha. Jumamosi asubuhi nilikata moja, nikalifunga fundo, nikaenda kwa Deo. Alikuwa akigeuza kahawa kwenye meza ya kuanikia.

“Kaka, leo umekuja kupima hata meza?”

“Mstari niliusogeza mimi,” nikamwambia. “Hatua mbili. Nilisahau, halafu sikutaka kukumbuka.”

Aliacha kahawa, akalitazama jani.

“Umelikata wapi?”

“Palepale mpakani.”

“Kumbe umeniletea jani langu mwenyewe,” akasema. Lakini alilipokea.

Kesho yake nilimwambia shangazi kwamba karatasi nimeichoma. Alivuta kigoda akataka mstari mwingine.

Mwanangu, sikukatazi kusoma sura nyingi. Daftari lile ninalo na bado nasoma kwa mpango, kwa sababu asiyesoma hana cha kutafakari. Ninachokuomba ni kwamba kila wiki uchague mstari mmoja, hata neno moja, uende nalo kazini na shambani. Usiridhike na maana yake unayoijua tayari. Ile ya “tutulie” niliijua vizuri, na niliijua huku mashtaka yakiwa mfukoni. Liulize neno linahusu nini kwako leo, na likikuchosha siku ya tatu, usiliache, kwa maana mimi lilinijibu siku ya nne. Litakapokuonyesha ulichoshika, nenda ukakiachie mbele ya mwenye haki yake.

Mungu akupe macho ya kusoma, na akupe mtu wa kukuuliza swali. Neno lake likukute mkono wako ukiwa bado unaweza kufunguka.