Kinasa Kilichomzuia Daktari

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, mjini Nyeri, na ile niliyojivunia zaidi ni ya chama cha wafugaji wa Mukurweini. Ng'ombe akiugua, mkulima alifungua ukurasa kwenye simu, akabonyeza kitufe cha kijani, na daktari wa mifugo wa zamu akapata ujumbe. Zamani walimpigia wote kwa pamoja hadi akazima simu.

Nilienda kuwafundisha kanisani, wakati wa matangazo. Nilishika kipaza sauti nikajiona mtu. Nikawaambia wakishabonyeza wangoje, wasimpigie daktari, watavuruga foleni. Kwetu jambo likitangazwa pale mbele, watu hulishika kama sehemu ya ibada.

Baadaye niliweka kinasa. Hiyo ni programu inayokaa ndani ya ukurasa na kurekodi mtu anapogusa na anapokwama, ili sisi watengenezaji tuje kutazama na kurekebisha. Nilikiacha kirekodi kila kitu. Kilinakili ukurasa mzima, kisha kila badiliko, hata picha za matangazo ya mbolea zilizokuwa zikipita juu. Kwenye kompyuta ya ofisini hukuhisi lolote. Kwenye simu ya bei ya chini, huko bondeni mtandao unakosuasua, sikukijaribu. Ulikuwa uvivu tu, sina jina lingine.

Jumatatu moja nikafungua rekodi za wikendi. Katika ile ya Jumamosi asubuhi mtu alibonyeza kitufe cha kijani. Kimya. Akangoja. Akabonyeza tena, akangoja tena, hivyo hivyo kwa muda wa karibu saa mbili. Juu ya ukurasa palikuwa na jina la mwanachama. Alikuwa mwalimu wangu wa Sunday school, mjane mwenye ng'ombe mmoja. Jumapili, jana tu, nilikuwa nimemshika mkono nje ya kanisa na kumpa pole. Ng'ombe wake alikuwa amezaa, akaanguka kwa homa ya maziwa, akafa. Daktari akiwahi, dripu moja humwinua ng'ombe wa namna hiyo.

Nilichunguza hadi nikaelewa, na nikatamani nisingeelewa. Rekodi ilikuwa imefika yote. Mzigo wake ndio ulioziba njia, na ombi la daktari likakaa nyuma yake hadi likakatika. Niliona haya peke yangu pale kwenye kiti.

Siku hiyo nilikikata kinasa karibu chote. Kilibaki na miguso na makosa tu, kikisubiri ombi lifike kwanza ndipo kitume kifurushi chake kidogo. Simu ikilemewa, kinyamaze kabisa. Nilinunua simu kama ya mwalimu, nikashuka nayo bondeni, nikabonyeza. Ujumbe ukaenda mara moja. Sikufurahi.

Jumatano nilienda kwake. Nilimkuta nyuma ya nyumba akimnywesha ndama aliyeachwa, kwa maziwa ya jirani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Si wewe ulisema tungoje?" aliniuliza. "Mimi nikangoja. Jirani akaniambia nipige simu, nikakataa, nikamwambia hiyo kitu iko na mwenyewe, atashughulika."

"Nilikosea, mwalimu. Nisamehe."

"Na hiyo kitu yako inaonyesha vile mtu anabonyeza?"

"Inaonyesha."

Aliinua kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

"Kwa hivyo uliniona."

"Nilikuona, mwalimu. Lakini nilikuona Jumatatu."

Ndama alipiga ndoo kwa kichwa, maziwa yakamwagika kidogo, na mimi nikainama nikaishika ili isianguke.