Bei ya Kwanza ya Daktari

Ijumaa ile, katika soko la ng'ombe la Leeuwarden, Uholanzi, Jeltje Bouwstra alishindwa kunywa kahawa. Aliigusa kwa mdomo akaitema. Mashavu kwa ndani yalikuwa yamechubuka kama ya mtu aliyetafuna vioo, macho yalimwasha, na chini ya fulana vipele vyekundu vilishuka kutoka shingoni hadi tumboni. Akaimwaga kahawa, akavuta mikono ya koti hadi vidoleni, akaenda kumfungua mtamba aliyemleta kuuza.

Alijua vipele vile vimetoka wapi. Ndiyo maana alivificha.

Jeltje alikuwa mchuuzi wa ng'ombe tangu ujana, na tangu ujana alikuwa na maradhi ya usingizi. Haukuwa uchovu. Usingizi ulimjia mchana kweupe ukambwaga popote: alilala ameegemea ubavu wa ng'ombe, alilala mezani kijiko kikiwa mdomoni. Sokoni walimcheka, na wajanja walisubiri macho yamlegee ndipo wamtajie bei. Kisha siku moja akasinzia kwenye usukani, lori likaishia mtaroni. Hakufa mtu, lakini leseni ikazuiwa, na hospitali wakayapa maradhi yake jina, wakampa na vidonge vya modafinil vya kumweka macho.

Daktari Van Loon, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimweleza mapema. "Kichwa kinaweza kukuuma, hamu ya kula ikapungua, moyo ukaenda mbio. Hayo tutazungumza. Lakini ukitoka vipele, au vidonda mdomoni, usimeze tena hata kimoja. Nipigie siku hiyohiyo. Ni jambo nadra sana, ila likitokea linaua."

"Siku hiyohiyo? Hata ikiwa siku ya soko?"

"Hata ikiwa siku ya harusi yako."

Jeltje akaitikia kwa heshima. Lakini maishani mwake alikuwa hajawahi kumsikia mtu akitaja neno la kwanza akalimaanisha. Muuzaji hutaja juu, mnunuzi hutaja chini, biashara hufungwa katikati. Kwa hesabu yake, daktari alikuwa ametaja juu.

Na vidonge vilifanya kazi. Wiki ya kwanza alipigwa na butwaa kugundua alasiri ilivyo ndefu. Alikaa dirishani akitazama jua likihama ukutani, mdomo wazi. Miaka yote hiyo watu walikuwa na kitu hiki, na hakuna aliyemwambia! Sokoni, wale waliozoea kumvizia asinzie wakaanza kurudi nyumbani kimya. Kipimo cha kurudishiwa leseni kilikuwa kimekaribia. Kwa hiyo vipele vilipotokea alifanya alilolifanya maisha yake yote: akapunguza. Badala ya kidonge kizima, akameza nusu. Akaona yeye na daktari wamekutana katikati.

"Bibie!" Ni Hylke Terpstra, mzee aliyekuwa akibishana naye bei kwa miaka ishirini. "Leo hulali? Zamani nilikuwa nanunua kwako raha mustarehe, wewe unakoroma tu."

"Na sasa unanunua huku unalia, mzee. Taja bei."

Hylke akamzunguka mtamba, akambonyeza mgongo, akaguna. "Huyu? Miguu kama ya meza mbovu."

"Meza mbovu ni ile unayolia chakula kwako. Taja bei, au sogea waje wanaume."

Hylke akataja, akaupiga kofi mkono wa Jeltje. Ndivyo biashara ilivyo pale: kila bei na kofi lake, hadi mikono inaposhikana na hakuna kurudi nyuma. Jeltje akajibu kwa bei yake na kofi lake. Maumivu yakampanda hadi begani. Akauma meno. Hylke tena, Jeltje tena.

Kofi lililofuata halikutoa mlio. Hylke alibaki ameushika ule mkono, akiutazama. Chini ya kidole gumba chake, ngozi ya kiganja cha Jeltje ilikuwa imejikunja na kusogea, kama utando wa maziwa yaliyochemshwa.

"Mungu wangu. Fungua mkono."

"Bei kwanza."

"Jeltje, ngozi yako imebaki kwangu!"

"Ni ukurutu tu. Unatafuta kunivunjia bei, nakujua."

Hylke akamtazama usoni, akaiona midomo iliyopasuka na macho mekundu. "Haya, unataka ngapi?"

Jeltje akarudia bei yake ya kwanza kabisa, ile ambayo mtu huitaja ili ikataliwe.

"Sawa," Hylke akasema. "Nakupa hiyohiyo. Ila unapanda gari langu sasa hivi."

Hapo ndipo Jeltje alipoogopa. Vipele havikumtisha, wala mdomo, wala ngozi. Lakini mtu huyu alikuwa hajawahi kukubali bei ya kwanza hata ya kikombe cha supu.

"Kumbe nakufa," akasema, kwa mshangao wa mtu aliyeletewa habari za jirani.

Hospitalini walimlaza pamoja na walioungua moto, maana ngozi ilimbanduka vilevile, bila moto. Daktari Van Loon akaja, akasimama kando ya kitanda.

"Vipele vilianza lini?"

"Jumatatu."

"Na ukaendelea kumeza?"

"Nusu tu, daktari."

Daktari akafumba macho kidogo. "Mwili wako unakikataa kidonge. Nusu yake ni kidonge kilekile."

"Nikipona je? Robo?"

"Hapana."

"Basi siku za soko tu."

"Hapana, Jeltje. Wala dawa yoyote ya ukoo wake. Maisha yako yote."

Jeltje akangoja neno la pili. Kila mtu ana neno la pili. Daktari alimtazama tu, hakuwa nalo.

Alipona polepole. Alasiri zikamponyoka tena, hadi alipopewa dawa ya namna nyingine, yenye nguvu kidogo tu. Leseni hana bado. Ijumaa hubebwa na Hylke, anayelalamikia bei ya yule mtamba njia nzima.

Baridi ilipokwisha, walikuwa katikati ya kupatana bei ya ng'ombe wawili. Hylke akainua mkono. Jeltje akanyoosha kiganja chake, ngozi mpya ya rangi ya waridi, halafu akaona doa dogo jekundu kwenye kifundo cha mkono. Akaurudisha mkono, akatoa simu.

"Bibie, mkono wangu uko hewani! Watu wanatazama!"

"Acha watazame. Daktari? Ni Jeltje. Nina kipele. Kimoja. Ndiyo, nadhani ni mdudu. Ndiyo, nakuja leo."

Hylke akaushusha mkono wake taratibu, bila kofi, mbele ya soko zima.