Siku Nilipomziba Mama Mdomo

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu, mwanangu, na ningependa sana niisahau. Lakini juzi umeniambia kwamba siku hizi umeacha kusali na watu, mahubiri unayasikiliza kwenye simu, na Mungu ni yule yule. Niliogopa, maana maneno hayo niliyasema mimi kabla yako, tena kwa kiburi zaidi.

Kabla hujazaliwa tulikaa Kavimvira, mtaa wa kando ya ziwa karibu na mpaka, mimi na mama yangu mzazi, ambaye miguu ilikuwa imevimba hata kwenda uani alinishikilia. Mume wangu alifanya kazi ng'ambo, Burundi, mimi nikiuza vitenge. Shirika letu la kanisa, nyumba kama ishirini za majirani, lilisali kila Alhamisi, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Kabla ya sala ya mwisho kiongozi wetu, Mama Feza, alisoma majina yote kwenye daftari lake. Aliyekuwepo aliitika, "Niko." Aliyekosa, watu wawili walitumwa kwake kabla ya jua kuzama, wamwangalie kama ni mzima. Ndiyo desturi yetu mpaka leo.

Desturi hiyo ilinichosha. Nikikosa mara moja tu, hao mlangoni! Siku moja Mama Feza akanionya mbele ya wote kwamba naonekana pale tu sala inapofanyika kwangu. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana nilikasirika.

"Futa jina yangu," nikamwambia, "na ya mama futa pia. Minye nitasali peke yangu, Mungu iko kila fasi."

Ulimi uliponza kichwa. Mama alilia siku nzima akisema mkataa wengi ni mchawi. Aliyecheka ni Mzee Kashindi, fundi viatu aliyeishi peke yake nyuma ya ua wetu na asiyesali popote. "Sasa tuko wawili," akasema. Tangu hapo alikuja kunywa chai kwetu, na mama akamzoea. Mzee alimshonea mama viatu vya ngozi, vipana mno, ili miguu ile iweze kuingia.

Vita vilifika asubuhi watu wakichemsha chai. Milio ilitokea upande wa bonde la Ruzizi, ikakaribia. Barabara ikajaa magodoro, mbuzi, masufuria vichwani, wote wakikimbilia kusini kandokando ya ziwa. Nilimbeba mama mgongoni. Hatua kumi, tukaanguka. Nikasimama njiani nikishika watu nguo, hakuna aliyesimama. Hawakuwa watu wabaya, mwanangu. Kila mmoja alikuwa na wake wa kukimbia nao.

Nikamburuta mama ndani, nikafunga mlango, nikausukumia meza. Tukalala chini kati ya mabunda ya vitenge. Barabara ikawa tupu. Kelele za vita zinatisha, sikatai, lakini ule ukimya watu wakishaondoka unatisha zaidi. Nilijikojolea, mimi mtu mzima.

Kisha nikasikia miguu uani, na si ya mtu mmoja. Mama akataka kukohoa. Nikamziba mdomo kwa kiganja, nikakandamiza hata nikahisi meno yake. Mlango ukagongwa. Nikajua tumekufa.

Sauti ikasema pale nje, taratibu, kama siku ya Alhamisi: "Mama Nabintu?"

Hilo ni jina la mama yangu. Nami bado niliogopa, nikidhani hata askari wanaweza kulijua jina. Nikazidi kumziba. Mama akaniuma kidole. Aliniuma kweli, kovu ni hili hapa. Kisha akapaza sauti: "Niko!"

Alikuwa Mama Feza, na wanaume wawili wa shirika waliobeba kipoyi, kile kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa. Walikuwa wameshafika Kimanga, mtaa wa upande wa kusini, kwenye uwanja wa kanisa, na pale akasoma majina ajue nani amebaki. Langu na la mama hayakuitikiwa. Wakarudi nyuma, kule kule kwenye risasi.

"Si nilisema ufute?" nikamwuliza nikilia.

"Biki ilikwisha wino," akanijibu. "Simama, tuende."

Tulipokuwa tunamlaza mama kwenye kipoyi, Mama Feza akatazama nyuma ya ua. "Na kule iko muntu?"

Mlango wa Mzee Kashindi ulikuwa umefungwa. Sikujua kama yumo au amekimbia. Ilitosha kwenda kugonga. Risasi zikalia karibu, nami nikawaza: tukichelewa, mama atakufa.

"Hakuna muntu," nikasema.

Mama alifika salama, akaishi miaka mingi baadaye. Tuliporudi, nyumba ya Mzee Kashindi ilikuwa imebomoka paa lote. Mlango wake ulikuwa bado umefungwa, na komeo lilikuwa kwa ndani. Sitakuambia zaidi.

Mama Feza alipokuwa katika ugonjwa wake wa mwisho, nilimwambia uongo wangu. Hakunikemea. Aliomba daftari, akaandika jina la Mzee Kashindi chini ya la mama, akanikabidhi niwe mimi wa kusoma. Kila Alhamisi nalisoma. Kisha naendelea na jina linalofuata.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kanisa halizuii risasi. Nimezika wengi waliosali kuliko mimi. Na Mungu anakusikia ukiwa peke yako, hilo silibishi. Ila siku ile alinijia kwa miguu ya Mama Feza, na Mama Feza alikuja kwa sababu majina yetu yalikosa mtu wa kuyaitikia. Mhubiri wako wa kwenye simu ana maneno matamu, lakini hajui kama leo umeamka. Kidole kimoja hakivunji chawa. Milio ya risasi usiku bado unaisikia mwenyewe, nami bado naiogopa. Rudi kwenye shirika. Wakikuudhi, kasirika ukiwa humo humo ndani. Na ukishakuwa ndani, usitosheke na walio kwenye daftari. Gonga pia mlango wa yule asiye na wa kumwita.

Mungu akulinde njiani na nyumbani, akupe watu watakaorudi nyuma kwa ajili yako, akupe na wewe miguu ya kurudi kwa ajili ya mwingine. Jina lako sijalifuta. Alhamisi nitaliita, mwanangu. Uitike.