Moshi Kwenye Picha ya Memsabu

Juzi mjukuu wangu aliye ng'ambo alinitumia picha ya anga ya kijani kwenye simu, akaniambia huo ni mwanga wa kaskazini. Mimi niliwahi kuuona alasiri moja nikiwa mtoto, katika shamba la kahawa huko Ruiru, ila haukuwa na rangi.

Mama alikuwa akipiga pasi ya makaa kwenye veranda ya mzungu mwenye shamba. Dada ya huyo mzungu, mgeni kutoka Ulaya, alinionyesha picha ya mwanga huo aliyoipiga kwao. Alisema aliisimamisha kamera kwenye theluji, juu ya miguu mitatu, akaiacha wazi huku akihesabu hadi thelathini. Karatasi ilinuka dawa ya kusafishia picha.

"Wewe naona nini?" aliniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika.

"Moshi, memsabu. Nyumba inaungua."

Pasi ya mama ikasimama.

"Nyumba ya nani?"

"Sijui, memsabu," mama akajibu upesi. "Huyu ni mtoto tu, anasema ovyo."

Leo najua kwamba miaka ile ya hali ya hatari, kutaja nyumba iliyochomwa na askari kulitosha kumfanya mtu afukuzwe kazi. Wakati ule nilidhani mama amesahau. Basi tukiwa njiani kurudi nilimkumbusha nyumba yetu iliyochomwa: mlango ulikoelekea, mbuzi walipolala, mahali pa jiko. Alinishika mkono akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Umesahau ghala la mahindi," akasema.