Sauti ya Yotham Nyuma ya Ua

Jeneza la Yotham Matonya lilikuwa uani kwao Mvumi, kaburi limeshachimbwa, mchungaji ameshafungua Biblia, ndipo Yotham akaanza kufoka.

"Toka nyumbani kwangu! Toka kabla sijakutoa mwenyewe!"

Yesu wangu! Raheli, mjane wake, akaligeukia jeneza. Kilio kikakatika uwanja mzima. Sauti ilitoka kwa jirani, nyuma ya ua wa minyaa. Televisheni!

Nchi nzima iliijua sauti ile. Yotham alisoma taarifa ya habari mpaka mvi zikamjaa kichwani, na alipostaafu akarudi Dodoma, akakaa Kizota, akawa anatia sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Ajabu ya Mungu, mtu asiyeweza kumkaripia hata kuku, wakampa nafasi za wanaume makatili watupu! Watoto wa mtaani kwake walimkimbia kwa utani, naye akicheka mpaka anashika mbavu. Juzi asubuhi, akifunga kamba za viatu, akaanguka. Hakuugua, hakuaga.

Waombolezaji walishaelewa. Lakini mama yake, Bibi Dorkasi, haoni, na kwake umeme haujafika. Kazi hiyo ya mwanawe alikuwa anasimuliwa tu. Akasimama.

"Mnamzika nani? Mwanangu si huyo anaongea! Fukieni hilo shimo!"

Wanaume wakatazamana. Mzazi akikataa, nani atathubutu kunyanyua jeneza?

"Mama, ni televisheni," Raheli alisema. "Alirekodiwa zamani."

"Nyamaza! Mumeo anakufukuza, ndiyo maana unataka kumzika hai?"

Neno lile lilimchoma Raheli. Lakini kilichomtisha zaidi ni moyo wake mwenyewe: kwa nukta moja, naye aliamini. Alitaka kulifungua lile jeneza.

Bibi alishapapasa njia, amefika sebuleni kwa jirani. Mtu akakimbilia kuzima.

"Asizime mtu!" Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Yotham, baba, ni mimi mama yako."

Sauti ikaendelea kumtukana mke wa kwenye tamthilia.

"Yotham! Mimi hapa!"

Ikatukana tu. Bibi akasikiliza, kisha akatafuta mkono wa Raheli, akaukamata kwa nguvu.

"Mwanangu hajawahi kunisikia akakosa kuniamkia mbukwa," alisema. "Hata akiwa na hasira. Hata akiwa mgonjwa." Akakipa kioo kisogo. "Kumbe ni kweli, Raheli mwanangu. Kumbe amekufa."